Meza ya Tano: Chuma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, miwani puani, presha nayo imetulia mahali pake. Goti je? Jirani yako fundi cherehani aliniambia kwa simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za barazani bila kushika ukuta, nikashukuru sana. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anamchekea kila anayepita, hana habari.

Kabla sijaenda mbali nina ombi. Najua mazoea yako ya kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma. Barua hii usiifanyie hivyo. Ianzie hapa hapa, ushuke nayo taratibu mpaka chini, na kabla hujafika chini usifunge sanduku hata moja.

Kaka ameniandikia kwamba mwisho wa mwezi anakuja kukuchukua ukaishi kwake, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta, na kwamba nyumba yako watapewa wapangaji. Anasema umekubali. Anasema hukubisha hata kidogo, ulimwambia tu kwamba mtu asiyejua mikono yake ilifanya nini jana hafai kuachiwa jiko wala bustani. Baba, wewe uliyekuwa ukibishana na mtangazaji wa redio juu ya mvua ya kesho, leo unahamishwa nyumbani kwako na hubishi? Nilipofika sentensi hiyo niliketi sakafuni na barua mkononi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuna jambo la kukueleza, lakini siwezi kulianza kabla sijakueleza niliyoyaona kitaluni mwezi huu, kwa sababu jambo lenyewe lilinijia kwa njia hiyo.

Basi habari za kitalu. Unaikumbuka miche mia sita ya milimau ya meza ya tano na ya sita, najua huwezi kuisahau hata ungetaka. Ni ile iliyokutwa imenyofolewa majani machanga yote siku wakulima walipokuja kuikagua, ikasemwa kwamba ni wewe uliyeinyofoa na kusahau. Kwa miezi minane mimi na wewe hatujaitaja. Tunapiga simu, tunaulizana hali ya hewa, tunaizunguka kama shimo njiani. Leo naitaja.

Miche ile haikufa. Ilichipua tena, na sote tukafurahi, halafu ikachipua manjano. Mishipa ya jani ilibaki ya kijani, na katikati ya mishipa manjano matupu, na kila jani jipya lilitoka limepauka kuliko lililotangulia. Tukaiwekea samadi. Ikazidi. Tukapunguza maji, tukaongeza maji, tukaihamishia juani, tukairudisha kivulini. Mlinzi alisema imerogwa. Mwenye kitalu, Mama Kofia, alikuwa akija kila asubuhi, anaitazama, anavua kofia, anaivaa tena, anaondoka. Sisi tuliokuwa tukijiita mafundi tukabaki kushika tama.

Mwishowe Mama Kofia akaita mtaalamu. Nilitegemea mzee wa mvi na mkoba wa ngozi. Akaja mwanamke mfupi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, buti za mpira zimemfika magotini, lenzi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kabla ya saa nne tulikuwa tumeshampa jina, Bi Lenzi. Hakuanza na miche. Aliomba birika. Mlinzi akadhani mgeni anataka chai, akakimbilia kuwasha jiko, kumbe mwenzake anataka birika lenyewe, tena tupu. Akachungulia ndani, akakwangua kwa ukucha yale magamba meupe yaliyoganda chini, akauliza maji haya tunayatoa wapi. Nikamwambia zamani tulimwagilia kwa tangi la mvua, likapasuka mwaka jana, tangu hapo tunavuta kisimani. Akaandika kitu kwenye daftari lake na hakutuambia ni nini. Nilimchukia kidogo kwa hilo, maana unajua mimi na subira hatujuani.

Kisha akatukusanya akatuuliza swali la kitoto: rangi ya kijani ya jani inatoka wapi? Mmoja akasema udongoni. Mlinzi akasema kwa Mungu. Bi Lenzi akasema wote wawili hawajadanganya, ila hakuna aliyesema inavyokuja, na kwamba mtu hawezi kutibu kitu asichojua kinavyotengenezwa. Akachukua maharage kumi, akayapanda kwenye sinia la udongo, akalifunika kwa ndoo nyeusi, juu yake tofali, akatuonya kwamba atakayeinua ndoo kabla ya siku saba atakuwa amejifukuzisha mwenyewe darasani. Sikuinua, Baba, ingawa mara mbili nilijikuta nimesimama mbele ya ile ndoo bila kujua nimefikaje.

Siku ya saba, saa mbili asubuhi, aliifunua mbele yetu. Yalikuwa yameota yote kumi. Lakini yameota vipi! Mashina marefu, membamba, yameinamisha shingo, na vijani viwili vidogo vya juu vina rangi ya nta. Hakuna hata chembe ya kijani. Nikasema yamekufa. Bi Lenzi akasema hayajafa, yanasubiri. Akatueleza kwamba kijani kile kinaitwa umbijani, wengine husema klorofili, na mmea huutengeneza wenyewe ndani ya jani, hatua baada ya hatua, kazi ndefu sana kwa kitu kidogo hivyo. Gizani maharage yale yalikuwa yamefanya kila hatua isipokuwa moja. Yamechanganya, yamepika, yameandaa, yamefika mlangoni na kusimama, kwa sababu hatua ya mwisho haifanywi ila na mwanga. Jua likiligusa jani, hatua ile hufanyika kwa kufumba na kufumbua, halafu kazi nzima inaanza tena na tena mpaka jani lijae.

Wengine wakarudi kwenye kazi zao. Mimi nikageuza kreti nikaketi mbele ya sinia. Saa tatu, nta. Saa nne, nta, nikaanza kumcheka Bi Lenzi moyoni. Saa tano na nusu nikaona kitu, nikafikiri ni macho, nikayafikicha, nikachomoa karatasi nyeupe mfukoni nikaiweka nyuma ya jani moja ili nione vizuri. Haikuwa macho. Manjano ile ilikuwa imeanza kuacha unjano wake. Saa nane hapakuwa tena na ubishi, na saa kumi yale maharage yalikuwa ya kijani, kijani kichanga cha kutisha, kimetokea mbele ya uso wangu na hakuna mkono uliokiweka. Chakula changu cha mchana nilikikuta jioni hakijaguswa.

Baba, nimefanya kazi kwenye shamba la chai miaka kumi na mmoja. Nimeshika majani mengi kuliko nilivyoshika mikono ya watu. Sijawahi hata siku moja kukiona kijani kikija. Kila nilipofika nilikikuta kimeshafika, nikadhani jani huzaliwa nacho kama mtu anavyozaliwa na masikio. Jioni ile nilitoka nje ya lango nikaona mti wa barabarani, nyasi za mtaroni, magugu yaliyoota kwenye ufa wa ukuta, yote ya kijani, yote yakiwa kazini, na watu wanapita na mizigo yao hawatazami. Nilisimama pale mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele nimpishe.

Kesho yake nilimganda Bi Lenzi kama kupe. Nilimuuliza kwa nini maharage yalichukua siku moja na miche yetu miezi minane imeshindwa, na jua inalo. Akasema jua peke yake halitoshi. Kukiwa na baridi kali jani hubaki limepauka hata juani, kwa sababu kazi ya ndani inataka joto la kiasi. Likikosa maji huacha kutengeneza. Tena umbijani haukai. Jua lile lile linaloukamilisha ndilo linaloula, na jani lililo hai huujenga upya kila siku bila kupumzika. Nilidhani jani la kijani limemaliza kazi, kumbe siku likimaliza ndiyo siku linageuka manjano. Akasema pia kuna vitu mmea lazima uvipate ardhini, na kwamba kimoja kati ya hivyo miche yetu imekikosa, naye anakijua, lakini anataka tukione kabla hajakitaja. Ndivyo alivyo. Angekuwa mwalimu wangu shuleni labda ningemaliza.

Akamimina unga kidogo kwenye kikombe cha maji, maji yakawa mekundu yaliyokolea kama chai ya rangi. Akanipa brashi ndogo ya kuchorea akaniambia nichague jani moja la manjano nichore chochote nitakacho. Nilichagua mche wa kwanza wa meza ya tano. Nikachora mstari mmoja na nukta tatu. Nilipomaliza palionekana unyevu tu, ukakauka, jani likabaki kama lilivyokuwa. Mlinzi akaniambia nimekwenda kuipaka miti wanja.

Siku ya nne nililitazama, hakuna kitu. Siku ya sita nilifika kabla ya wote. Jani lilikuwa manjano vile vile, na juu yake mstari mmoja wa kijani na nukta tatu za kijani. Pale pale brashi ilipopita, na si pengine. Nilipitisha kidole juu yake, sikuhisi rangi, sikuhisi kitu, jani tupu. Maji yale hayakuwa ya kijani, Baba, yalikuwa mekundu. Hayakulipaka jani. Yalilipa tu kile lilichokuwa likikisubiri, nalo likafanya lenyewe, kwenye mstari ule ule na nukta zile zile. Nilipiga kelele watu wakadhani nyoka. Mama Kofia alikuja akatazama kwa muda mrefu. Mlinzi akauliza kama maji hayo yanafaa na kwa kipara.

Nikamuuliza Bi Lenzi, haya sasa, sema, mle kikombeni mna nini? Akasema, mna chuma tu.

Nikamwambia sijaelewa, tuchume nini? Maana miche hii tulishawahi kuichuma na ndiyo balaa lililotufikisha hapa. Akanitazama, akafikiri namtania. Kisha akaangaza macho ukutani, akakitikisa kile kimsumari kinachoshika kalenda mpaka kikatoka, akanitilia kiganjani.

"Chuma," akasema. "Hiki hapa."

Wenzangu walicheka sana, na mimi nilicheka nao kwa mdomo. Kisha nikaomba ruhusa nikaenda nyuma ya ghala nikashika ukuta. Baba, sasa nakuomba uendelee kusoma hata kama umeshaelewa. Najua umeshaelewa. Niache niseme mwenyewe.

Siku ile ya miche ulikwenda kliniki ya presha. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu kazini kwako, baada ya mashine kuingia kwenye chai na sisi wa mikono kurudishwa nyumbani. Nilifika saa moja asubuhi. Kwenye kifuko cha mche wa kwanza wa meza ya tano kulikuwa kumechomekwa kipande cha boksi, moja ya zile kadi zako, na mwandiko wako wa herufi kubwa, maneno ya mkato kama kawaida yako, utadhani unakatwa kidole kwa kila neno. Iliandikwa: MEZA YA 5 NA 6. MAJANI MACHANGA MANJANO. CHUMA.

Na mimi nikachuma.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi, nyapara alisimama mwanzo wa mstari akatamka neno hilo hilo moja, na mikono yangu ilikwishazoea kwenda kabla ya kichwa. Majani machanga, chuma. Kwenye chai ndiyo kazi yenyewe, hata kipofu angeielewa. Sikujiuliza. Nilipita mche kwa mche kwa mikono miwili, mia sita, na saa nne haijafika nilikuwa nimemaliza. Tena nikajisifu. Kadi niliitia mfuko wa aproni ili ukirudi nikuonyeshe kwamba uliniachia kazi ya siku mbili nami nimeifanya kabla ya chai ya asubuhi. Nilikuwa nikisubiri uniambie kwamba nina mkono mwepesi.

Badala yako alikuja Mama Kofia na wale wakulima wawili. Alivua kofia. Aliuliza nani amefanya hivi, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ndoo ya maji, inanuka limau mpaka viwikoni. Kabla sijafungua mdomo, mlinzi alisema wa mwisho kutoka jana alikuwa mzee. Mama Kofia akasema juzi alisahau bomba wazi, na wiki iliyopita alitafuta miwani aliyoivaa. Wakulima wakatikisa vichwa. Ilikuwa imeshaamuliwa, na mimi sikufungua mdomo.

Kesho yake ulikuja. Ulisimama mbele ya meza ya tano ukasema wewe hukumbuki kufanya hivyo, unachokumbuka ni kwamba uliandika kadi, na hakuna aliyekuuliza iliandikwa nini. Ukaitafuta. Ulitafuta kifuko kwa kifuko, meza nzima, ukapiga lile goti bovu chini ukatazama na uvunguni. Mama Kofia aligeuka upande kwa aibu. Kadi ilikuwa mfukoni mwangu, Baba, hatua mbili kutoka ulipopiga goti. Kisha ukaniuliza mimi.

"Mwanangu, uliniona nikifanya hivi?"

"Sijui, Baba. Nilikuta hivyo hivyo."

Ukaitazama mikono yako, kwanza viganja, halafu ukaigeuza. Ukasema basi labda ni mimi. Siku hiyo hiyo ulimkabidhi Mama Kofia funguo za ghala, ukapanda gari kurudi nyumbani kwako.

Kwa nini nilisema vile? Mwanzo ni woga tu, sina neno jingine. Nilikuwa mgeni kazini, nina mtoto, na nilikuwa nimeharibu miche mia sita kwa asubuhi moja. Lakini woga huisha, na huu ungeisha wiki ile ile kama nisingekuwa na sababu ya pili iliyokuwa tamu zaidi. Niliamini kwamba wewe ndiye uliyeniamuru. Nilijiambia kadi ile ikionekana ndiyo itakayokumaliza, watu watasema mzee amefikia kuamuru miche ipukutishwe majani. Nikajiambia nakusitiri. Uongo huo niliuvisha nguo ya heshima nikatembea nao miezi minane, kila Jumapili nakupigia simu, nakuuliza kama umemeza dawa.

Kisha msumari ule ukatiwa kiganjani mwangu. Siku ile ile nilirudi kutoka nyuma ya ghala nikamwomba Bi Lenzi anieleze vizuri. Alisema umbijani una punje moja ya madini katikati yake, na punje hiyo si chuma, ni magnesi. Chuma hakimo kabisa ndani ya kijani, lakini bila chuma mmea hauwezi kukitengeneza, kama vile kisu hakiingii mchuzini lakini bila kisu hakuna kitakachoingia. Akasema udongo wetu umejaa chuma, ule wekundu wake ndicho hicho. Ila maji ya kisima yana chokaa, yale magamba ya birika, na chokaa hukifunga chuma mizizi isiweze kukichukua. Miche ilikuwa imesimama juu ya ghala lililojaa, inakufa njaa. Na akanieleza jinsi anavyojua kwamba ni chuma na si njaa ya mbolea. Mbolea ikipungua, mmea huyanyang'anya majani ya zamani ukayapa machanga, kwa hiyo wazee ndio wanaopauka kwanza. Lakini chuma kikishakaa kwenye jani hakihamishiki. Jani la zamani hubaki nacho, na changa linatoka mikono mitupu. Ukiona machanga ni manjano na ya zamani yamesimama na kijani chake, ni chuma.

Majani machanga manjano. Chuma. Baba, ndivyo ulivyoandika, maneno manne, na ndani yake mlikuwa na kila kitu. Bi Lenzi alihitaji birika, lenzi na siku mbili tatu za kutafakari. Wewe uliona kwa macho, jioni, ukitoka kazini. Nilimuuliza angesema nini juu ya mtu aliyeliandika hilo miezi minane iliyopita, wiki ya kwanza unjano ulipoanza. Akasema angemwomba mtu huyo ampe kazi.

Sitakudanganya tena hata kwa wema. Bomba ulilisahau kweli. Miwani uliitafuta ikiwa usoni, nilikuona. Mimi mwenyewe mwezi uliopita nimeunguza sufuria mbili, na hakuna anayetaka kunihamisha. Lakini miche hukuigusa. Mikono uliyoigeuza siku ile ukaitazama haikuwa imefanya kitu chochote. Uliandika kadi, ukaiweka mahali pake, ukaenda kliniki, na ulikumbuka kila hatua kama ilivyokuwa. Kichwa chako kilisema kweli, na mimi mwanao nikakifanya kionekane kimesema uongo, mpaka wewe mwenyewe ukaacha kukiamini. Hilo ndilo nililokufanyia. Silioni kuwa dogo.

Nimemwambia Mama Kofia siku ile ile, mbele ya wote, kadi ikiwa mkononi. Alivua kofia na hakuivaa tena mpaka nilipomaliza. Hakunigombeza. Alinitoa mezani akanipeleka kuosha vifuko nyuma ya ghala, na nilipomuuliza kama nimefukuzwa, akasema hilo si lake kuamua. Anasema kuajiri na kufukuza watu wa mezani ni kazi ya mkuu wa kitalu, na mkuu wa kitalu ni wewe, maana kwa miezi minane hajamweka mwingine na funguo zako za ghala ziko kwenye droo yake. Kaka nimemwandikia pia. Amenijibu maneno ambayo sitayarudia kwako, na yote nimeyastahili. Anasema hatakuja mwisho wa mwezi mpaka wewe mwenyewe umwite. Nyumba ni yako, jiko ni lako, bustani ni yako.

Ndani ya bahasha hii utaikuta kadi. Imekunjamana na kufifia upande mmoja kwa jasho la aproni, lakini inasomeka. Ishike karibu na dirisha uusome mwandiko wako.

Msalimie sana fundi cherehani, mwambie vifungo vya koti la mjukuu wako havijang'oka bado. Dawa za presha umeze na chakula. Sikuombi unisamehe kwa barua, kwa kuwa ni kwa mdomo huu huu nilikukosea. Nitakuja Jumapili kwa gari la kwanza. Mlango ukiwa wazi nitaingia, na ukiwa umefungwa nitakaa barazani.

Ni mimi binti yako,
niliyechuma.